Misuli inauma baada ya mazoezi: barafu, maji ya moto, kuchuliwa, kutembea au vidonge?

Jumapili ile tulianzia pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara, alfajiri, watu kama kumi na tano hivi, tukakimbia mpaka Mikindani ambako ni kama kilomita 10, na ingeishia hapo ingekuwa poa kabisa, ila mmoja wetu akasema tupande kile kilima cha nyuma ya Boma, ile ngome ya zamani. Tukapanda. Kupanda sio tatizo, unahema unahema unafika. Tatizo ni kushuka, maana tulishuka mbio tunashindana kama watoto wametoka madrasa, breki zote kwenye mapaja. Tukarudi mjini na daladala, jioni nikawa najisifu kwamba siumwi popote. Jumatatu mapaja yakaanza kunong'ona. Jumanne asubuhi naingia chooni, na choo chetu ni cha kuchuchumaa, nafika nusu ya safari miguu ikagoma, nikashika kitasa kwa mkono mmoja na mdomo wa ndoo kwa mkono mwingine nikawa nashuka kwa awamu. Kunyanyuka ndo sitaki hata kusimulia.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Mama mwenye nyumba nimempa shikamoo nikiwa nimeegemea ukuta, akaniangalia akasema mwanangu hayo ni ya kukandwa na maji ya moto tu, subiri niinjike sufuria. Kocha wetu kwenye simu: moto hapana, weka barafu. Jirani wa bodaboda: bro we meza diklofenaki mbili kesho unaamka mzima. Kuna jamaa wa jimu anachua watu, naye akasema nipitie. Na bibi yangu kule Newala, yeye alicheka kwanza mpaka akakohoa, halafu akasema, "Mume wangu, amka utembee, ukilala utakauka kama muhogo." Watu watano, majibu matano, na kila mmoja ana uhakika kuliko mwenzake.

Nimeshajaribu zote tano kwa nyakati tofauti na nimesoma kidogo, ndo maana naandika hapa kwa anayekwama kama nilivyokwama.

Nitazipima hivi

Kila njia nauliza vitu vilevile: inapunguza maumivu kweli au inakupumbaza tu kwa muda, inafanya kazi zaidi wakati gani, inapatikana huku kwetu kwa gharama gani (maana ushauri mwingi umeandikwa na watu wanaofungua bomba yakatoka maji ya baridi kali, sisi bomba la saa nane mchana linatoa chai), ina madhara gani, na inamfaa nani. Hamna njia inayoifanya misuli ipone haraka kimuujiza, hilo nalisema mapema usije ukanidai. Zote zinapunguza makali tu wakati mwili unajirekebisha wenyewe.

Kabla hujachagua, yako ni maumivu gani?

Hapa ndo wengi tunachanganya. Kuna ule moto unaousikia ukiwa katikati ya zoezi, skwati ya ishirini, mapaja yanaungua. Huo unatokana na taka za kazi zinazojikusanya kwenye msuli kwa sababu unatumia nguvu haraka kuliko oksijeni inavyofika, na ukipunguza kasi au ukipumzika unaondoka ndani ya dakika chache, unaweza kubaki uzito fulani wa saa kadhaa basi. Huo hauhitaji barafu wala kidonge. Punguza mwendo, tembea badala ya kusimama ghafla, kunywa maji.

Halafu kuna ya kuchelewa, ndo haya ya kwangu ya chooni. Yanaanza saa 12 mpaka 24 baada ya mazoezi, yanafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida ndani ya siku tano mpaka saba yameisha. Utasikia watu wanasema ni "asidi laktiki imeganda kwenye misuli". Sio kweli, laktiki inaondoka kwenye damu ndani ya kama saa moja hivi baada ya kuacha, sasa itakuumizaje Jumanne? Mmarekani mmoja, Theodore Hough, aliandika tangu 1902 kwamba haya maumivu ya kuchelewa yanaelekea kutokana na michaniko midogo ndani ya msuli. Na mwaka 1983 kuna watafiti walikimbiza watu kwenye mashine, wengine tambarare wengine mteremko, wa tambarare laktiki ikapanda lakini hawakuumwa, wa mteremko laktiki haikupanda lakini wakaumwa. Niliposoma hilo nikakumbuka kilima cha Boma nikacheka peke yangu. Msuli unapofanya kazi huku unarefuka, yaani kushuka mlima, kushusha chuma, kwenda chini kwenye skwati, hapo ndo unachanika vidogovidogo, halafu mwili unaleta majimaji na uvimbe wa kurekebisha, ndo ule ukakamavu.

Aina ya tatu haihusiki na makala hii: maumivu ya ghafla kama umerushiwa jiwe, sehemu moja tu, au yako kwenye kiungo chenyewe (goti, kifundo). Hiyo ni jeraha, acha mazoezi.

Sasa njia zenyewe.

Barafu na maji baridi

Hii ndo ya kocha, na ndo inayopendwa na wachezaji kwenye tivii. Kupunguza maumivu, inapunguza, mapitio makubwa ya mwaka 2012 yalikusanya tafiti ndogo 17 zenye watu 366 wakaona waliojizamisha kwenye maji baridi waliumwa kidogo kuliko waliokaa tu. Lakini angalia baridi inayosemwa: nyuzi 10 mpaka 15, dakika 10 mpaka 15. Bahari yetu haifiki huko hata Julai kipupwe kikivuma, iko kwenye nyuzi 25 mpaka 30 mwaka mzima. Kwa hiyo ukitoka mazoezini ukajitupa ufukweni Shangani ukakaa dakika 20 ukasema umefanya "aisi bafu", umeoga tu ndugu yangu.

Kwa hiyo lazima barafu. Mimi nilienda Feri kwa wauza samaki, nikarudi na mfuko wa barafu kwenye bodaboda unanivujia mgongoni na unanukia changu. Hesabu yake iko hivi: ndoo mbili za lita 20 zenye maji ya kama nyuzi 28, kushuka mpaka 15 zinataka kilo tano na nusu mpaka sita za barafu, na hiyo ni kwa beseni la miguu tu, sio mwili mzima. Kila wiki hiyo ni hela na usumbufu. Kama una friza na chupa za maji ulizogandisha, afadhali.

Wakati wake mzuri ni mapema, ndani ya saa chache baada ya kumaliza. Siku ya tatu msuli umeshakakamaa barafu inakuongezea ukavu tu, hayo ni ya kwangu mimi lakini wenzangu kadhaa wanasema hivyohivyo.

Madhara: usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi, funga na kitambaa. Wenye presha au moyo wasijizamishe mwili mzima ghafla. Halafu kuna hili ambalo makocha wetu hawalisemi, utafiti wa 2015 ulifuata wanaume wanaonyanyua vyuma kwa wiki 12, waliokuwa wanajizamisha kwenye baridi kila baada ya zoezi waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko waliopoa kwa mazoezi mepesi. Yaani ule uvimbe unaoupigania ndo sehemu ya kujengeka.

Inamfaa: mwenye mechi leo na mechi nyingine keshokutwa, timu ya mtaa kwenye bonanza. Haimfai sana anayejenga mwili.

Maji ya moto, kukandwa

Hii sisi hatuihitaji kufundishwa, mama zetu wamekanda wazazi tangu na tangu. Joto linaleta damu, linalegeza ule ukakamavu, na unafuu unausikia hapohapo taulo linapokaa. Ila ni unafuu wa muda, saa moja mbili halafu mapaja yanakumbuka. Wakati wake ni kuanzia siku ya pili, sio mara tu baada ya kuumia, na kamwe sio kwenye sehemu iliyovimba na kuchemka yenyewe.

Gharama ni mkaa na maji, na mtu mwenye huruma. Mama mwenye nyumba alinikanda nimelala kifudifudi kwenye mkeka, taulo likatoka kwenye sufuria mvuke unapanda, akalikamua, akalipiga kwanza kwenye kiwiko chake kupima, halafu tap, kwenye paja, nikaruka. "Tulia, si ulikuwa unakimbia wewe?" Kiwiko ndo kipimo, usipuuzie, maana wanaoungua ni wale wanaomiminiwa bila kupima. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asikandwe na maji ya moto kabisa, hatasikia akiungua. Na usipake dawa ya kuchua ya mentholi halafu ukaweka taulo la moto juu yake, hiyo nimeifanya mara moja, sirudii. Watu wanaweka na chumvi kwenye maji, mi sijaona inaongeza nini.

Inamfaa: aliyekakamaa anayetaka kulala usiku au kuanza siku, mtu mzima mwenye mgongo uliokaza kwa kulima au kuokota korosho siku nzima ameinama, maana misuli haijui kama ni jimu au shamba.

Kuchuliwa

Mwaka 2018 kuna watafiti waliweka pamoja tafiti 99 za njia za kupoza mwili baada ya mazoezi, na kuchuliwa ndo kulikotoka na nguvu zaidi kwa maumivu ya misuli na uchovu. Kwa karatasi basi hii iko mbele. Kwa maisha ya huku inategemea nani anakuchua. Inafanya kazi vizuri ndani ya saa chache za mwanzo lakini hata siku ya pili inasaidia.

Shida ni wachuaji. Kuna mmoja, simtaji, aliniwekea kiwiko kwenye paja akaegemea na uzito wote eti "vinundu lazima vipasuke", nikatoka pale na michubuko ya bluu na maumivu mapya juu ya yale ya zamani. Msuli umeshachanika vidogovidogo, we unaenda kuusaga tena, ili iweje? Kuchua kwa maumivu haya ni kwa wastani, kuelekea juu kuelekea moyoni, dakika 20 hadi 30, mafuta yoyote ya kuteleza, ya nazi, ya ufuta ambao kwetu Lindi na Mtwara umejaa, haihitaji mafuta ya maajabu. Yale yanayowasha yanakupumbaza ngozi tu, sio mabaya, ila sio tiba.

Gharama inapanda ukilipia kila mara. Kwa wadada kuna na suala la nani akuchue, wengi hawako huru na mkaka wa jimu na wana haki, kwa hiyo mwenza wako, dada yako, au jichue mwenyewe: kaa chini, viringisha chupa ngumu au ule mti wa kusukumia chapati juu ya paja polepole. Mti wa chapati nilikatazwa rasmi nyumbani, tumia chupa.

Usichue kabisa kama shavu la mguu mmoja tu limevimba, lina joto na linauma, inaweza kuwa damu imeganda ndani, hiyo ni hospitali.

Inamfaa: mwenye mtu wa kumchua anayesikia akiambiwa "punguza", na mkimbiaji anayejiandaa na mbio.

Kutembea na mazoezi mepesi

Ya bibi. Nilimdharau, nikaja kumuomba radhi.

Ukianza kutembea dakika tano za kwanza ni mateso, unatembea kama umevaa magongo, halafu taratibu inalegea, na ukiwa unatembea maumivu yanapungua kuliko ukiwa umelala. Ukiacha yanarudi kiasi. Kwa hiyo na yenyewe ni unafuu wa muda, haiharakishi kupona, ila inakurudishia mwendo na haina gharama hata senti. Inafaa siku zote, kuanzia dakika za kupoa baada ya zoezi mpaka siku ya nne.

Na hapa ndo bahari yetu inapata kazi yake. Maji kupwa pale Shangani, au ufukwe wowote wa Lindi mjini, unaingia mpaka kiunoni unatembea dakika 20, maji yanakubebea uzito na yanakubana miguu kidogo pande zote. Sio matibabu ya baridi, ni kutembea bila uzito, na kwa mtu aliyeumia mapaja ya kushuka mlima mi naona ni raha kuliko lami. Vaa ndala au viatu, kuna urumba wenye miiba, huo ukikuchoma utasahau misuli. Baiskeli ya taratibu nayo sawa.

Madhara yake ni pale unapojidanganya, unaanza kutembea, unajisikia vizuri, unakimbia, unaongeza na skwati. Nguvu ya msuli inakuwa imepungua siku hizo na mguu unaweza kukusaliti ukaumia kweli. Mepesi maana yake unaweza kuongea na simu bila kuhema.

Inamfaa: karibu kila mtu, isipokuwa mwenye jeraha la kweli. Haimfai mtu anayesimama dukani kwa saa 12 ambaye jioni anachotaka ni kukaa, yeye maji ya moto yatamfaa zaidi.

Kujinyoosha je? Wengi tunajinyoosha tukiamini inazuia. Imepimwa sana na tofauti yake kwenye maumivu ni ndogo mno huwezi hata kuisikia. Jinyooshe kama unapenda, usijilazimishe.

Vidonge

Vinapunguza maumivu, hilo halina ubishi, na ni rahisi kupata, kila kona kuna duka la dawa. Vinafanya kazi ndani ya nusu saa mpaka saa moja. Ndo maana jirani yangu wa bodaboda anavipenda, yeye akilala siku moja hamna hesabu ya bosi.

Lakini madhara ndo hapa yako mengi kuliko njia nyingine zote. Diklofenaki na ibuprofeni zinachubua tumbo, mwenye vidonda vya tumbo asiguse, na zinabana figo, hasa ukiwa umepungukiwa maji, na wewe umetoka kukimbia Mtwara Desemba joto na unyevu vimekukamua kama nazi, halafu tumbo tupu unameza mbili. Hapo unacheza. Wenye presha, pumu, wajawazito waulize kwanza. Kuna wanaomeza KABLA ya mazoezi ili wasiumwe, hiyo mbaya zaidi maana unazima king'ora halafu unaendelea kuunguza nyumba. Parasetamoli ni laini kwa tumbo, lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na asichanganye na pombe. Na kwa wa vyuma tena: ibuprofeni ya dozi kubwa kila siku kwa wiki nane ilionekana mwaka 2018 kupunguza ukuaji wa misuli kwa vijana.

Inamfaa: mwenye siku moja ngumu asiyoweza kuikwepa, safari, mtihani, zamu. Siku moja, mbili, ameshakula na kunywa maji. Sio ratiba ya kila Jumatatu.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una mechi mbili ndani ya siku tatu na unaweza kupata barafu, weka barafu leo jioni, kesho tembea.

Kama unajenga mwili jimu, achana na barafu na vidonge vya kila mara, chukua kutembea na kuchuliwa, kula vizuri (mbaazi, kunde, dagaa, samaki, tunavyo vyote hapa tena bei ya kwetu) na ulale.

Kama ndo umeanza mazoezi wiki hii na huwezi kushuka ngazi, maji ya moto usiku, kutembea mchana, na usirudie zoezi lile lile mpaka maumivu yapungue, fanya sehemu nyingine ya mwili. Mi ngazi nilikuwa nashuka kinyumenyume, watu wakanicheka, mapaja yakanishukuru.

Kama una kisukari, presha, figo au mimba, kutembea ndo salama zaidi kuanzia, vingine uliza.

Kama mkojo umekuwa wa rangi ya kola au chai ya rangi, misuli imevimba sana na huna nguvu kabisa, hapo hamna cha ulinganisho, msuli unavunjika na kuziba figo, nenda hospitali ya Ligula, au ya Sokoine kama uko Lindi, leo leo.

Na kama viungo vinauma na una homa, usisingizie mazoezi. Huku ni kwetu na malaria, kapime. Hata chikungunya jina lake ni la Kimakonde, linamaanisha kukunjamana, lilitoka kwenye mlipuko wa 1952 huko huko Newala, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanatembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Kwa hiyo ukiona mtu anatembea kama mimi siku ile ya Jumanne, muulize kwanza kama alikimbia.

Kwa anayetaka yasirudi: msuli ukishapigwa mteremko mara moja, mara ya pili unaumia kidogo kuliko mara ya kwanza, na hiyo kinga inakaa wiki kadhaa. Bibi anasema wao walikuwa wanashuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, hamna aliyelala kitandani kwa mapaja. Anza na mteremko mfupi, taratibu, ongeza kila wiki. Sisi wiki tatu baadae tulirudi kile kilima cha Boma, safari hii tukashuka tunatembea, na Jumanne yake kitasa cha mlango wa choo sikukigusa, ingawa ndoo niliisogeza karibu, kwa tahadhari.